Marejesho ya Usiku

Saa saba na robo kinabisha.
Hakipigi hodi kama mgeni,
kinabisha kama yule kijana wa kausha damu
aliyeondoka na sufuria ya Mbuke, ugali ukiwa ndani.
Natafuta kandambili kwa vidole vya miguu.
Moja naipata, nyingine imeingia uvunguni.
Basi, naenda na moja.

Nyumba yetu Kabuhoro imekaa juu ya jiwe
kama kuku aliyelalia mayai ya wenyewe.
Choo kiko chini. Ngazi kumi na nne:
ya sita ina ufa, ya kumi inateleza hata kiangazi.
Nahesabu za kushuka tu.
Za kupanda ni za mtu aliyekwisha kutua mzigo.

Saa nane na nusu, tena.
Saa kumi, tena.
Adhana inanikuta nimekaa kitandani
kama anayesubiri basi la Bariadi.
"Umeolewa na choo," anasema Masalu,
anageuka, anakoroma kama mashine ya kukoboa.
Simjibu. Zamu yake nayo itafika.

Nikajifanya mjanja. Nikaacha maji,
tangu mchana sigusi hata tone,
mimi ninayeishi kando ya ziwa lote hili.
Midomo ikapasuka,
mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, unachoma,
na kibofu, mdai asiye na haya,
kikaja vilevile kudai marejesho ya tone mbili.

Nesi Nyanjige wa zahanati hakucheka.
Aliuliza hedhi ilikatika lini.
Nikamwambia, mwaka ule Mirongo ulipoingia madukani.
Akapima mkojo, akapima sukari,
kisha akanibonyeza kifundo cha mguu,
kidole kikaacha shimo kama kwenye unga wa muhogo.
"Unauza nini, mama?"
Dagaa, Mwaloni. Nasimama toka alfajiri.
"Ndiyo hayo. Mchana maji yanashuka miguuni, yanatulia.
Ukilala yanapanda, yanatafuta mlango."

Sikuwahi kujua kwamba nalala na ziwa langu.

Akanipa masharti kama mganga, ila bila kuku mweusi:
maji ninywe, tena mengi, lakini asubuhi,
chai iishie saa kumi na moja,
jua likielekea kuzama miguu iwe juu,
na huko chini nikaze, niachie, nikaze,
popote nilipo, hakuna atakayeona.
Haonekani, kweli. Ila mteja akiuliza bei ya sado
katikati ya kukaza
namjibu kwa sauti ya mwanakwaya wa safu ya mbele.

Sasa kila jioni natandika kanga nyuma ya nyumba,
nalala chali, visigino juu ya jiwe
ambalo bado lina joto la mchana.
Watoto wa jirani siku ya kwanza walikimbia,
wakasema Mama Ngollo amekufa amesimama kichwa chini.
Siku ya nne akaja mama yao, Kwandu,
mwalimu wa hesabu, mtu wa kunyoosha sketi kabla ya kuketi.
Alitazama kushoto, akatazama kulia,
akalala kando yangu, akapandisha miguu.
Tukakaa kimya. Mwewe akapita.
"Wewe mara ngapi?" akauliza, akiitazama mbingu.
Nne. Wewe?
"Tano." Kisha, polepole: "Na nikicheka."

Tukacheka. Ikabidi tuinuke haraka.

Siku hizi ni mara mbili, na Ijumaa nyingine moja.
Sijapona, wala sikuambiwa ni ugonjwa.
Usiku usio na mwezi nasimama ngazi ya tisa,
natazama taa za wavuvi wa dagaa
zimejipanga majini kama mji usiolipa kodi.
Miaka yote zilikuwa pale,
nami nazipita mbio, nimebana mapaja.

Ng'ambo ya mawe tochi ya Kwandu inawaka, inazima.
Namjibu kwa ya simu.
Kandambili zote mbili miguuni.